Kadi za mihuri za kutengeneza kwa mkono: pesa yako ipeleke kwenye karatasi kwanza

Tangu mialiko ihamie WhatsApp mtu anatumiwa picha ya kadi, anaionyesha mlangoni siku ya shughuli, kesho yake anaifuta ili simu ipate nafasi, na ndio maana kadi ya kutengenezwa kwa mkono saa hizi watu wanaitunza kabisa, unaikuta kabatini kwa mama mtu pamoja na vyeti. Ninatengeneza kadi hizi kwa kugonga mihuri, hapa Dar, za Idi, kipaimara, sendofu, za kumpongeza aliyejifungua, na kila wiki naulizwa nianzie wapi. Wengi wanaouliza wameshanunua maua ya plastiki, shanga, vumbi la kumetameta, riboni za kila rangi, halafu karatasi yenyewe ni manila laini ya kuandikia matangazo ya shule. Hapo ndipo nabisha. Kadi ni karatasi, wino na mkunjo, hivyo vitatu vikikaa sawa mapambo kidogo tu yanatosha.

Ukienda steshenari Kariakoo usiulize manila peke yake, uliza gramu ngapi, yaani uzito wa karatasi hiyo kwa kila mita moja ya mraba. Kwa kadi inayosimama mezani tafuta gramu 250 mpaka 300, chini ya 200 ukibandika kitu mbele inainama, na kwa joto na unyevunyevu wa pwani inajikunja yenyewe hata kabla hujaipeleka. A4 moja ni milimita 210 kwa 297, ikate katikati ya ule urefu upate vipande viwili, kila kimoja kikunje katikati, tayari una kadi mbili za saizi ya A6. Bahasha yake inaitwa C6, ni 114 kwa 162. Na bahasha nunua siku hiyohiyo unayonunua karatasi tafadhali, kabla hujakata chochote, maana kuna watu wanatengeneza kadi nzuri mno ya saizi ya kubuni halafu wanazunguka mji mzima bahasha hawaipati. Kama mbele utapandisha matabaka, punguza kadi kidogo, ikiwa nene haiingii.

Mkunjo sasa. Karatasi ina nyuzi na nyuzi zina uelekeo wake, ishike uipinde taratibu bila kuivunja, upande huu halafu upande ule, utasikia mkononi kuna upande unapinda kwa urahisi, huo ndio wa kukunja. Ukienda kinyume mkunjo unachanika nyuzi zinatokeza, hasa kwenye karatasi za rangi nzito. Kabla ya kukunja weka rula, pitisha kalamu ya biki iliyoisha wino upate mfereji, kunja, weka kikaratasi juu halafu sugua na mgongo wa kijiko. Hicho kikaratasi usikiruke, kijiko kikigusa kadi moja kwa moja kinaacha mng'ao usiofutika.

Kwenye mihuri ndio nitakaa kidogo kwa sababu ndio raha yenyewe. Ukiwa na hela mpelekee fundi mihuri mchoro wako, wengi sasa wanachonga kwa mashine ya leza, mpe mchoro mweusi tii juu ya karatasi nyeupe wenye mistari iliyoshiba, maana mstari mwembamba kama unywele hautoki vizuri. Omba ule wa mpini wa mbao wa kupaka wino kwa pedi, achana na ule unaojipaka wenyewe, utafungwa na rangi moja na wala huoni unagonga wapi. Kama huna hela chonga mwenyewe kwenye raba ya kufutia penseli. Chora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, igeuze uso chini juu ya raba, sugua mgongo kwa kucha, mchoro unahamia ukiwa umepinduka, kwa hiyo ukija kugonga maneno yanasomeka sawa bila kuumiza kichwa kuandika kinyumenyume. Wembe ulaze ukikata ili kitako cha mchoro kiwe kipana kuliko uso, ukichimba kwa ndani mstari unalegea na kuvunjika. Kwa maumbo makubwa ndala zilizochakaa ni nzuri sana, zioshe, zikaushe, kata umbo kwenye ile sponji yake, bandika kwenye kipande cha mbao.

Umbo ninalolipenda kuliko yote ni korosho, ile ya kwenye kanga. Kwa kweli kadi zangu zote nazipanga kama kanga: pindo kuzunguka, mji katikati, jina, yaani yale maneno, chini. Mtu akiniambia hana ubunifu namwambia afungue sanduku la bibi yake, azitazame kanga za zamani, zile za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak zenye alama ya "Mali ya Abdulla", aangalie pindo lilivyopangwa na jinsi mji ulivyopewa nafasi ya kupumua. Kadi ya harusi nikiachiwa nichague mwenyewe naenda na rangi za kisutu, nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi, na hakuna bibi harusi wa pwani atakayehitaji kuelezwa. Pindo usianze kona moja ukazunguka tu, utafika mwisho nafasi haitoshi, gonga kona nne kwanza, halafu katikati ya kila upande, halafu jaza yaliyobaki, tofauti ndogondogo zinagawanyika hakuna anayeziona. Jina liwe fupi, "Hongera mwanangu", "Nani kama mama", shairi refu peleka ndani.

Wino wa pedi za ofisini ni wa maji, unakauka haraka lakini kwenye karatasi yenye vinyweleo unasambaa. Ule mzito wenye chengachenga za rangi (pigment) unakaa juu, rangi inashiba, ila unachelewa kukauka na kwenye karatasi ya kung'aa unaweza ukalala usiku mzima na asubuhi bado unachafua vidole. Muhuri mkubwa usiukandamize kwenye pedi, uweke uso juu, chukua pedi uigongegonge kwenye muhuri, ndio wino unaenea sawasawa. Chini ya kadi weka magazeti yaliyokunjwa, bonyeza wima, usiyumbishe mkono. Kusafisha ni kitambaa kibichi tu, petroli na thina zinauharibu mpira, na jua kali pia.

Ukitaka maandishi yaliyonyanyuka kama ya kuchapwa kuna ule unga wa kuyeyusha kwa moto (embossing powder). Pakaza poda ya mtoto kidogo sana kwenye kadi kwanza, maana na unyevu wetu huu unga unang'ang'ania kila mahali, gonga muhuri kwa wino unaochelewa kukauka, mwaga unga, kung'uta uliobaki urudi kwenye kopo, kisha pasha moto. Draya ya nywele haifai, inapeperusha unga na moto wake hautoshi. Kama huna kifaa chake shikilia kadi juu ya pasi ya umeme iliyogeuzwa, kwa karibu bila kugusa, unga ukianza kung'aa toa hapohapo. Watoto wasiwe karibu.

Karatasi za mapambo zile za kufungia zawadi ni nyembamba, gundi ya maji inazikunja, tumia gundi ngumu ya kichupa cha kuzungusha au selotepu ya pande mbili. Vipande vya kitenge mafundi nguo wanavitupa, omba, paka gundi nyeupe nyepesi kwa nyuma, acha kikauke kabisa ndipo ukate, nyuzi hazitachomoka. Majani makavu ya mgomba nayo yanapendeza sana, Uganda na Kenya wanatengenezea kadi nzuri mno za kuuzia wageni, ila yalaze chini ya vitabu vizito kwanza. Ndani ya kadi ya rangi nzito weka karatasi nyeupe iliyopungua milimita tatu nne kila upande, gundi mstari mmoja tu karibu na mkunjo, mtu apate pa kuandika.

Kwa wanaotaka kuuza, tengeneza moja ya mfano mteja aishike mkononi, picha haimwonyeshi uzito wa karatasi, mkubaliane, uchukue advansi ndipo ukate zilizobaki. Kwenye bei hesabu na muda wako, sio karatasi na bahasha tu. Na kipindi cha masika ongeza siku mbili kwenye tarehe unayomwahidi, wino na gundi havikauki kwa haraka ya mteja.