Swali la lugha: Kuni huchanjwa au hupasuliwa?

SWALI: Mwanangu wa darasa la tano aliandika katika insha yake, "Baba alikuwa akipasua kuni kwa shoka." Mwalimu alikata neno "akipasua" kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "akichanja", na alama ikapungua. Mimi nimekulia Tabora na nimesema kupasua kuni tangu utotoni. Je, ni kosa? Pia, lile pande la chuma linalopigwa kwa nyundo ili gogo gumu lifunguke linaitwaje? Na tuseme "kuni moja" au "ukuni mmoja"?

JIBU: Ndugu msomaji, mwanao hakukosea. Mwalimu alichagua kitenzi kinachoifaa zaidi sentensi ile, na mimi pia ningependa mtoto akijue, lakini sioni sababu ya kumpunguzia alama. Kupasua kuni ni Kiswahili, kinasemwa bara na pwani, Kenya na Tanzania. Ukienda Lubumbashi au Bukavu utasikia "kupasula kuni", na hiyo "l" ni ya zamani. Kiswahili cha pwani ndicho kilichoidondosha. Neno lililoenea hivyo haliwezi kufutwa kwa kalamu. Linaloweza kufanyika, na lenye faida kubwa zaidi kwa mwanafunzi, ni kuonyeshwa kwamba kazi ya kuni ina vitenzi kadhaa, na kila kimoja kina mahali pake.

Tuanze na mti wenyewe. Mti una nyuzi zinazopanda kutoka shinani kwenda juu. Makali yakizikatiza nyuzi hizo, kazi ni kukata. Makali yakizifuata na kuzitenganisha, kazi ni kuchanja. Mtu aliyeangusha mkaratusi huukata kwanza vipande vifupi kwa msumeno au shoka, kisha husimamisha kila kipande wima na kukichanja. Ni shughuli mbili, ndiyo maana mtu anaweza kusema, "Kuni zimeshakatwa, bado kuchanjwa," na kila anayezijua akaelewa ni kiasi gani cha jasho kimebaki.

Kutema ni jambo jingine tena. Mtema kuni ni yule aendaye porini na panga au shoka, akakata matawi kwa mapigo. Mzizi huu umeenea katika lugha jamaa: Wakikuyu wana "tema" na Waganda wana "okutema", vyote vikihusu kukata. Kwa hiyo mtema kuni wa kwenye ngano zetu si lazima awe mchanja kuni. Huenda akarudi na tita la matawi membamba yasiyohitaji kuchanjwa hata kidogo. Na asiyekuwa na chombo chochote, anayeokota vijiti vilivyoanguka na kuvunja vikavu kwa mkono, huyo anasenya kuni. Kusenya ni neno zuri linalozidi kusahaulika mijini, na ningefurahi kuliona katika insha za watoto.

Sasa kuchanja na kupasua. Tofauti yao inaonekana vizuri zaidi ukivinyambua. Pasua ina mwenzake pasuka: tairi hupasuka, kisigino hupasuka, gogo lililoachwa juani hupasuka lenyewe bila kuguswa na mtu. Pasua inaangalia matokeo, yaani kitu kimoja kimekuwa viwili au kimepata ufa. Haijali chombo kilichotumika. Chanja haiko hivyo. Huwezi kusema gogo "limechanjika lenyewe juani". Unaweza kusema "mti huu hauchanjiki", lakini hapo unamaanisha kwamba anayejaribu kuuchanja anashindwa. Katika chanja daima kuna mkono na kuna makali. Kwa hiyo vitenzi hivi viwili vinaweza kukaa katika sentensi moja bila kugombana: "Alichanja na kuchanja mpaka gogo likapasuka."

Makali hayo ndiyo yanayounganisha matumizi mengine ya chanja yanayowashangaza watu. Mganga huchanja chale kwa wembe. Chanjo ya ndui ilitolewa kwa kuukwaruza au kuuchoma uso wa ngozi mara kadhaa, ndiyo iliyowaachia wazee wetu kovu begani. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, lakini kitenzi kimebaki na kimepanuka, hata leo mtoto anayedondoshewa matone ya polio mdomoni tunasema amechanjwa, ingawa hakuna kilichokatwa. Wapo wanaodhani chanja ya kuni na chanja ya hospitali ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati. Kwa maoni yangu ni neno moja: kupitisha makali juu ya uso wa kitu na kuufungua.

Mwalimu ana hoja nyingine nzito upande wake, nayo ni methali: "Shoka lisilo mpini halichanji kuni." Shoka na chanja vimezoeana muda mrefu. Sentensi ya mwanao ilikuwa na shoka ndani yake, na palipo na shoka, chanja ndiyo inayokaa vizuri sikioni.

Hapo ndipo swali lako la pili linapoingia, na linanisaidia. Lile pande la chuma ni kabari. Kabari inaweza kuwa ya chuma au ya mti mgumu, upande mmoja mwembamba, upande mwingine mnene. Haifanyi kazi kama shoka. Hukati nayo, unaitia kwenye ufa na kuigonga kwa nyundo nzito, nayo inasukuma pande mbili hadi nyuzi ziachane. Kwa hiyo nisingesema "anachanja gogo kwa kabari". Ningesema "anapasua gogo kwa kabari", na hapo mwalimu akiandika "akichanja" nitakuwa upande wa mtoto. Tuseme pia, kwa wanaoifanya kazi hii, kwamba kabari ya chuma isigongwe kwa upande wa nyuma wa shoka. Tundu la shoka hupanuka au hupata ufa, na shoka huanza kutoka kwenye mpini. Kabari ndogo ya mti ina kazi nyingine pia: hugongewa kwenye ncha ya mpini ili shoka au jembe lisichezecheze. Jina ni lile lile kwa sababu umbo na kazi ni vile vile.

Mashoka yenyewe ni ya aina mbili, na insha nyingi za watoto huyachanganya. Lile la dukani lina tundu, na mpini ndio unaoingia ndani ya chuma. Lile lililofuliwa na mhunzi wa kijijini mara nyingi lina mkia wa chuma, na huo ndio unaopenya kwenye kichwa kinene cha mpini. Kwa shoka hili la pili kila pigo hulikaza zaidi, lakini pia ndilo linaloweza kuupasua mpini. Tena kuna tofauti ya unene. Shoka la kukatia miti huwa jembamba ili lizame. La kuchanjia kuni hufaa likinenepa haraka kutoka kwenye makali, kwa kuwa wembamba peke yake hunasa katikati ya gogo na kukuacha unavutana nalo.

Tazama nilivyosema: la kukatia, la kuchanjia. Chombo hutajwa kwa kauli ya kutendea. Kisu cha kukatia nyama, jiwe la kunolea, shoka la kuchanjia kuni. Na lile gogo fupi linalowekwa chini ili shoka lisigonge mchanga na mawe likapoteza makali ni kigogo cha kuchanjia. Siku hizi "shoka la kuchanja kuni" linasemwa sana na linaeleweka, ila anayeandika kwa makini ataiweka hiyo "i", maana ndiyo inayotuambia kwamba shoka ni la kufanyia kazi.

Ufundi wenyewe una maneno machache yanayostahili kuingia darasani. Kabla ya kunyanyua shoka, mchanjaji hulitazama gogo kwenye uso uliokatwa, atafute ufa. Akiupata, hupiga kuufuata. Gogo likiwa nene hapigi katikati. Huanza pembeni na kubandua vipande vya ubavuni, kisha humalizia kiini. Hukwepa fundo, yaani mahali tawi lilipotokea, kwa kuwa hapo nyuzi zimejipinda na hazikubali kuachana. Vipande vidogo vinavyoruka ni vibanzi, na vinafaa sana kuwashia moto. Ni kibanzi hicho hicho kinachotajwa katika Injili ya Mathayo, kikiwa ndani ya jicho la ndugu huku boriti iko ndani ya jicho la mwenye kulaumu. Kenya neno hilo limepata maisha mapya mezani: vibanzi ni viazi vilivyokatwa virefu na kukaangwa.

Jambo moja huwashangaza wengi: kuni kavu si lazima ziwe rahisi kuchanja. Mikaratusi mingi huchanjika vizuri ingali mbichi, ikikauka hukaza. Kwa hiyo wenye uzoefu huchanja kwanza, kisha huanika, na kipande kilichochanjwa hukauka upesi kuliko gogo zima.

Kuhusu swali la tatu, andika "ukuni mmoja". Ukuni na kuni ni kama ukuta na kuta, ufunguo na funguo. Vivumishi navyo hufuata: ukuni huu mkavu, kuni hizi kavu, ukuni umekauka, kuni zimekauka. "Kuni moja" inasikika sana na sitamkatiza mtu sokoni kwa ajili yake, lakini katika insha na mtihani ni kosa la ngeli, na hilo ndilo ningelitilia wino mwekundu. Mweleze mwanao aiache sentensi yake kwa "akichanja" endapo shoka linabaki. Akitaka kuitetea "akipasua", ampe baba kabari na nyundo.