Moshi wa bluu kwenye pikipiki iliyotumika

Unakagua pikipiki iliyotumika, inatoa moshi wa bluu, na muuzaji anakwambia ni "baridi ya asubuhi" tu? Hapana, si baridi. Kwenye injini ya four-stroke (ile isiyochanganya oili na petroli) ya cc 100 hadi 150, bluu maana yake oili inaungua ndani ya silinda. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache ndio wa baridi, huo usikutishe. Mweusi ni petroli kuzidi, mara nyingi kabureta au chujio chafu la hewa.

Angalia moshi wa bluu unatoka lini. Ukitoka kidogo pikipiki inapowaka kisha ukakata, mara nyingi ni sili za valvu (mipira inayozuia oili kupenya kwenye valvu), kazi isiyo kubwa. Ukiendelea, na kuzidi unapovuta mafuta, ringi za pistoni au silinda imekwisha. Hapo unafungua injini, kwa hiyo bei ishuke sana au uondoke.

Nimefanya ufundi wa pikipiki muda mrefu, na ninachosisitiza ni hiki: ikute pikipiki ikiwa baridi. Shika injini kwa mkono kabla haijapigwa kiki. Ikiwa ya moto, subiri ipoe kabisa, maana iliyokwisha kupashwa huficha mengi, hata ugumu wa kuwaka. Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee, kebo ikichomolewa hazihesabu.

Two-stroke ni habari nyingine, zile huchoma oili kwa asili yake na moshi kidogo ni kawaida. Na kabla ya kutoa hela, linganisha namba ya injini na ya fremu na zilizo kwenye kadi.