Maswali ya utafiti: mama mkwe, saa nane usiku na 384 yenu

Haya, kwenye maswali mliyonitumia nimechagua matano, mengine ni yale yale ya wiki iliyopita.

Dodoso langu nimelirusha kwenye magrupu ya WhatsApp, wamejibu watu 300. Naweza kuandika "Watanzania wengi hupata habari mtandaoni"?

Hapana. Umewauliza watu walioko mtandaoni kama wako mtandaoni. Na usiniambie utaongeza wafike 3,000, mwaka 1936 huko Marekani jarida la Literary Digest lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2 likatangaza Landon anamshinda Roosevelt kwenye uchaguzi wa rais, Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Majina walikuwa wameyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, kipindi uchumi umeanguka na simu ni kitu cha wenye nazo, na hata hao wengi wao hawakujibu. Andika "watu 300 wa magrupu yangu" basi, si dhambi.

Sampuli inatosha ikiwa na watu wangapi?

Nimeshajibu hili mpaka nimechoka. Na kabla hujaniletea ile 384, ile idadi ya watu ya vitabuni inayokupa makadirio yenye kosa la kama asilimia 5 juu au chini, hiyo ni kama uliwachagua kwa bahati nasibu, sio ulisimama stendi ukawadaka wasio na haraka.

Shirika letu limerusha vipindi vya lishe redioni miezi sita, vimeisha. Mfadhili anataka tuonyeshe vimebadilisha watu. Tuanzie wapi?

Mlitakiwa kuanza kabla ya kipindi cha kwanza. Mnataka kujua mtoto kaongezeka kilo ngapi na mlipompokea hamkumpima.

Wakubwa mtakumbuka Twende na Wakati, mchezo wa redio wa Redio Tanzania kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, Mkwaju yule dereva wa lori. Ulianza 1993, na mpaka 1995 mtambo wa Dodoma ulikuwa unarusha vipindi vingine muda ule ule, makusudi kabisa, ili watafiti wawe na watu wa kulinganisha nao. Everett Rogers, mtafiti wa mawasiliano kutoka Marekani, na wenzake walihoji watu kabla mchezo haujaanza wakawa wanarudi kuhoji tena, na hawakuridhika na maneno ya mdomoni, walienda mpaka kliniki kuangalia wateja wapya wa uzazi wa mpango na kuwauliza nini kimewaleta. Baadae Dodoma nao wakafunguliwa wakasikiliza.

Nyie kilichobaki tafuteni wilaya inayofanana na yenu ambako redio yenu haishiki, ombeni ruhusa mwone rejista za kliniki za pande zote mbili, na mwandike wazi kwamba takwimu za mwanzo hamna. Ila msiende na fulana za mradi kumuuliza mtu "kipindi chetu kilikusaidia?" Mgeni kashuka kwenye gari, kapewa kiti, ataambiwa hakikusaidia?

Mteja ana haraka, naweza kuruka jaribio la dodoso?

Ruka, utanikumbuka. Kuna kazi niliwahi kuisimamia, dodoso limekuja kwa Kiingereza, likatafsiriwa ofisini usiku watu wamechoka, kwenye muda wa kusikiliza redio "8 pm" ikawa "saa 8 usiku". Siku ya pili kijijini mama mmoja kamwangalia dada yetu kuanzia juu mpaka chini: "Saa nane usiku nasikiliza redio, mimi mchawi?" Tulicheka, halafu tukaacha kucheka, maana wahojaji wengine walikuwa wanarekebisha kimya kimya kichwani wanasoma saa mbili, wengine wanasoma kama ilivyoandikwa, na kwenye karatasi huwezi kujua nani kafanya nini. Dodoso za siku mbili zote tukatupa. Watu kumi na tano tu wa majaribio, asubuhi moja, wangelikamata hilo.

Majadiliano ya kikundi kuhusu uzazi wa mpango, naweza kuchanganya mama wakwe na wake wa watoto wao?

Unaweza. Utarekodi saa nzima ya mama mkwe akiongea na mkamwana akihesabu ukindu wa mkeka.