'Sehemu ya Mapato' Ni Kiasi Gani Hasa?

Nina mkoba ambao sijaubeba hata siku moja. Unaning'inia nyuma ya mlango, na lebo yake ya karatasi ingalipo: "Sehemu ya mapato ya bidhaa hii itawasaidia watoto wenye uhitaji." Siku ile nilikuwa nimeingia dukani kutafuta betri. Nikatoka na betri na mkoba, na njia nzima nikajiona mtu mwema kwelikweli.

Miezi miwili baadaye nikawaandikia watengenezaji barua pepe. Swali lilikuwa moja tu: hiyo sehemu ni kiasi gani? Wiki ya tatu wakanijibu, kwa adabu tele na shukrani nyingi. Kumbe kampeni ilikuwa na kikomo. Kampuni iliahidi kutoa kiasi fulani cha fedha, kiasi kikatimia, hundi ikaandikwa, mambo yakaishia hapo. Mimi nilinunua wiki kadhaa baada ya hundi hiyo. Na lebo je? Lebo zilikuwa zimeshachapishwa, wakasema, wakaona waziache zilivyo. Kwa hiyo mkoba wangu haukumfikishia mtoto yeyote hata senti.

Siwezi kusema niliibiwa. Nilisoma nilichotaka kusoma. Lakini tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza, na majibu niliyokusanya yamebadilisha kabisa namna ninavyonunua. Bado napenda kupeleka fedha zangu kwa biashara zinazowajali wenye shida, na wewe nakushauri ufanye hivyo. Ila kwanza ujue unachonunua.

Anza na lile neno "sehemu". Ni neno tamu, halina mwanzo wala mwisho. Sehemu yaweza kuwa nusu, yaweza kuwa moja ya elfu. Linganisha na kampeni ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoufanya mtindo huu ushike kasi: mwaka 1983 kampuni ya kadi za malipo ya American Express iliahidi kuchangia ukarabati wa Sanamu ya Uhuru kule New York, senti 1 kila kadi yake ilipotumika na dola 1 kwa kila kadi mpya. Zilipatikana takriban dola milioni 1.7, na kampuni nayo ikafaidika, maana watu walitumia kadi zao kuliko kawaida. Sina kinyongo na faida hiyo. Ninachokipenda ni kwamba ahadi ilihesabika. Mwenye kadi alijua mchango wake ni senti moja, si zaidi, na kama aliiona ndogo alikuwa huru kuongeza kwa njia nyingine.

Ukishapata kiasi, uliza ni asilimia ya nini. Hapa ndipo wengi tunapoteleza, na mimi niliteleza mara kadhaa hata baada ya mkoba. Asilimia ya mauzo na asilimia ya faida si ndugu. Mauzo huhesabiwa kabla mtu yeyote hajalipwa: ukinunua, fungu la msaada limeshajulikana. Faida hubaki baada ya kodi ya pango, mishahara, matangazo, riba ya benki na magari ya mabosi. Biashara inaweza kuahidi asilimia kumi ya faida, mwaka ukaisha bila faida, na ahadi ikatimizwa kikamilifu kwa kutoa sifuri. Patagonia, watengenezaji wa nguo za milimani, wametoa asilimia 1 ya mauzo tangu mwaka 1985. Wao hutoa kwa ajili ya mazingira, lakini kanuni yao ya hesabu ningetamani kuiona kwenye kila lebo inayotaja watoto na wagonjwa.

Haina maana kwamba kila anayetaja faida anakuzunguka. Newman's Own, iliyoanzishwa mwaka 1982 na mwigizaji Paul Newman pamoja na rafiki yake mwandishi A. E. Hotchner, ilianza na sosi ya saladi na ikaamua kutoa faida yote, asilimia 100, kwa shughuli za hisani. Hadi sasa imetoa zaidi ya dola milioni 500. Tofauti ni kwamba pale hakuna mwenye hisa anayesubiri gawio, basi hakuna sababu ya kuificha faida. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi siku hizi natafuta daftari: ripoti ya mwaka, ukurasa wenye jumla iliyotolewa, jina la taasisi iliyopokea. Kisha naenda upande wa pili, kwenye tovuti ya taasisi yenyewe, kuona kama na wao wanaitaja hiyo kampuni. Mara mbili sikuona kitu. Mara moja niliandika kuuliza, na taasisi ikashangaa kusikia jina lake limo kwenye sanduku la bidhaa.

Kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisikia, hata dada yangu alininunia nilipomwambia: mara nyingi kiasi ni kidogo mno kuweza kuwa sababu ya kununua. Amazon iliwahi kuwa na mpango ulioitwa AmazonSmile, kuanzia 2013 hadi 2023, uliotoa asilimia 0.5 ya manunuzi kwa taasisi aliyoichagua mteja. Ukinunua cha dola 100, senti 50 zinakwenda. Mpango ulipofungwa kampuni ilieleza kwamba taasisi zilikuwa zaidi ya milioni moja, na msaada umetawanyika mno kuweza kuleta mabadiliko. Wastani kwa kila taasisi haukufika dola 230. Kwa taasisi ndogo dola hizo zina kazi, sikatai. Lakini kama ulinunua kitu cha dola 100 usichokihitaji ili senti 50 ziende kwa mhitaji, umejisaidia wewe kujisikia vizuri, na umemsaidia muuzaji kuliko wote. Kanuni yangu ni fupi: kwanza nihitaji kitu, halafu ndipo nichague wa kumnunulia. Kama sikihitaji, natuma fedha moja kwa moja. Mkoba wangu ungekuwa mchango mzuri sana kama ningeupeleka ukiwa bado fedha taslimu.

Sasa nije kwenye yale mauzo ya "nunua moja, tunatoa moja". Niliyapenda sana, kwa sababu hayana asilimia za kukokotoa. Viatu kwangu, viatu kwa mtoto. Kampuni ya viatu ya TOMS ndiyo iliyoutangaza mtindo huo duniani tangu 2006, baada ya mwanzilishi wake, Blake Mycoskie, kusafiri Argentina na kuona watoto wasio na viatu. Nani atabishana na viatu? Basi watafiti walikwenda El Salvador kupima viatu hivyo vinafanya nini, na kampuni yenyewe iliruhusu kazi hiyo ifanyike, jambo linalostahili heshima. Watoto walivipenda na wakavivaa. Ila maisha yao hayakubadilika kwa kiasi cha kupimika, na waliopewa bure walielekea zaidi kusema kwamba mahitaji ya familia yao yanapaswa kuletwa na watu wengine. Mwaka 2019 kampuni ikaachana na mpango wa jozi kwa jozi, ikageukia kutoa theluthi moja ya faida yake.

Mimi sikuhitaji utafiti ili nielewe, kwa kuwa nilikuwa nimeshakiona chumba. Nilijitolea kwa miezi michache katika kituo cha watoto, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga stoo. Madaftari yalifika darini. Mabegi ya shule yalikuwa mengi kuliko watoto, yote ya rangi moja, yote yakiwa na nembo ya kampuni iliyoyatoa. Wakati huohuo mlezi wa usiku alikuwa hajalipwa kwa miezi miwili, kwa sababu hakuna anayebandika lebo ya "nunua hiki, tutamlipa mlezi". Nilimuuliza mkuu wa kituo kwa nini hawakatai mabegi. Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto. Ukikataa mabegi leo, akasema, kesho hawatakuja hata na fedha.

Ndiyo sababu siku hizi nikiona kampuni inatoa vitu, nauliza nani aliamua kwamba vitu hivyo ndivyo vinavyotakiwa. Nikiona inatoa fedha na kuwaachia wapokeaji waamue, naipa alama ya juu. Mfumo wa Fairtrade, yaani biashara ya haki, unafanana na hilo: juu ya bei ya mazao, chama cha wakulima hupokea fungu la ziada, na wanachama wenyewe hupiga kura walitumie kwa nini, iwe darasa, kisima au mashine ya kukoboa. Mfumo huo una wakosoaji wake, na mzigo wa ada za ukaguzi si hadithi. Lakini swali la nani anaamua wamelijibu vizuri kuliko wengi.

Hapo ndipo nilipofika kwenye swali ninalolipa uzito kuliko yote: mhitaji amekaa wapi katika biashara hii? Kuna biashara ambazo yeye amekaa mwisho kabisa, nje ya mlango, akisubiri kilichobaki mezani. Na kuna biashara ambazo yeye yumo ndani, ndiye anayefanya kazi. Greyston, kiwanda cha mikate na keki cha Yonkers, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1982, kina orodha ya wanaotaka kazi. Nafasi ikitokea, anaitwa anayefuata, bila kuulizwa kama aliwahi kufungwa au alilala wapi jana. The Big Issue, gazeti lililoanza London mwaka 1991, huuzwa barabarani na watu wasio na makazi au walio katika umaskini. Muuzaji hulinunua kwa takriban nusu ya bei, akiliuza tofauti ni yake. Ukimpa bei kamili ukaondoka na gazeti, hujampa sadaka. Mmefanya biashara.

Mfano wangu wa karibu ni mdogo zaidi. Nanunua sabuni kwenye karakana moja inayoajiri watu waliotoka gerezani. Nilimwandikia mwenye karakana swali langu la kawaida, "mnatoa asilimia ngapi?", akajibu siku hiyohiyo: hatutoi asilimia yoyote, tuko saba, kila mmoja ana mshahara, na wawili sasa wanawafundisha wengine. Nikaona aibu kidogo kwa swali langu.

Lakini tusidanganyane. Sabuni za mwanzo zilipasuka. Ukiiweka kwenye maji inagawanyika vipande vitatu. Nilinyamaza mara ya kwanza, kwa huruma, na mara ya pili pia. Mara ya tatu nikawaambia. Mwenye karakana akanishukuru, kisha akaongeza kwa ukali kidogo: ungetuambia mapema, wengine walinyamaza na hawakurudi. Kumbe huruma yangu ilikuwa inawaua polepole. Kizuri chajiuza, kibovu, hata ukibandike picha ya mtoto anayetabasamu, mteja hukinunua mara moja tu. Kwa hiyo ukiipenda biashara ya namna hii, idai kama unavyoidai nyingine yoyote. Sabuni za sasa hazipasuki, na sizinunui tena kwa huruma.

Kuhusu keshia anayekuuliza kama uongeze kidogo ili risiti ifike namba kamili na chenji iende kwenye msaada, sina mengi. Zile ni fedha zako, duka ni mpitishaji tu. Kama taasisi unaifahamu na moyo wako unataka, toa. Kama hujui ni nani, sema "leo hapana" na usiombe radhi. Foleni iliyo nyuma yako haina habari na wewe.

Ujumbe ninaowatumia wauzaji sasa umefupika, nanakili tu na kubandika. Unasema hivi: "Habari. Nataka kununua bidhaa hii na nimeona inasaidia wenye uhitaji. Naomba kujua: mnatoa kiasi gani kwa kila bidhaa, kinahesabiwa kwenye mauzo au kwenye faida, kuna kikomo au tarehe ya mwisho, na nani anapokea? Asante." Basi. Wenye jibu hujibu haraka, wakati mwingine kwa furaha, kama watu waliokuwa wakisubiri kuulizwa. Wengine hunitumia aya nne kuhusu maadili yao bila namba hata moja, nami naichukulia hiyo kuwa namba.

Juzi niliutuma kwa wauzaji wa mablanketi. Jibu limeingia asubuhi hii: kiasi wamekitaja, ni cha mauzo, hakina kikomo, mpokeaji ni makazi ya wanawake waliokimbia vipigo, na wakaniwekea kiunganishi cha ripoti yao. Jibu zuri kuliko yote niliyopata mwaka huu. Nikafungua kabati, nikahesabu mablanketi. Ninayo manne. Nimefunga ukurasa wa blanketi na kufungua ule wa makazi yenyewe, nione wanapokea michango kwa njia gani.