Ukihudumiwa Vibaya Mgahawani, Sema Kabla Hujatoka

Mgahawa wenye matawi mengi unauza uhakika kuliko unavyouza chakula. Unaingia tawi usilolijua, unaagiza ulichozoea, na unatarajia kije vilevile. Kwa mzazi kama mimi uhakika huo una uzito wa pekee, kwa sababu binti yangu ana mzio wa karanga. Akizila, koo humvimba akashindwa kupumua.

Safari hii nilimweleza mhudumu mara tu tulipoketi. Akaandika, na kwenye risiti ikachapwa kabisa: bila karanga. Chakula kikaletwa kimenyunyiziwa karanga zilizosagwa. Hilo peke yake ningelisamehe. Jikoni kuna joto, kelele na oda zinazofuatana bila nafasi ya kupumua. Kilichonikata maini ni kilichofuata. Sahani ilirudi upesi mno, chakula kilekile, kimekwanguliwa juu, na chembe bado zinaonekana ukingoni.

"Tumeshazitoa, mama," mhudumu akaniambia.

Kukwangua hakumsaidii mwenye mzio. Kinachomdhuru ni protini ya karanga, na kiasi kidogo kisichoonekana kwa macho kinaweza kutosha. Kupasha moto hakuiondoi. Hata ile dawa ya kupaka mikononi isiyohitaji maji haiiondoi, kwa kuwa kazi yake ni kuua vijidudu. Protini huondoka kwa sabuni na maji. Kwa hiyo unachotakiwa kudai ni chakula kipya, kwenye sahani safi, kilichoandaliwa kwa vyombo vilivyooshwa. Usikubali kingine, hata kama foleni nyuma yako inanung'unika na mtoto analia njaa.

Sikugombana na mhudumu, na nakusihi nawe usigombane naye. Katika migahawa mingi ya aina hii hawezi kufuta oda kwenye mashine bila kibali cha msimamizi. Kumfokea ni kumwonea mtu asiye na uwezo wa kukupa unachotaka. Mwite meneja wa zamu, na umwite ukiwa bado umekaa mezani, sahani iko mbele yenu nyote wawili. Ukishatoka mlangoni, ushahidi unaingia kwenye pipa la taka na linabaki neno lako dhidi ya lao.

Meneja alikuja. Alichotangulia kuniambia ni kwamba oda yetu ilitoka kwa wakati. Niliumia sana kusikia hivyo, ingawa najua jibu hilo linatoka wapi: jikoni mwa migahawa mingi mikubwa kuna skrini inayohesabu muda wa kila oda, na tawi hupimwa kwa muda huo. Skrini haijui kama mtoto anaweza kukila kilichotoka. Kisha akanipa kuponi ya chakula cha bure siku nyingine. Hapo ndipo unapohitaji kuwa na ombi lako tayari, moja, kwa sentensi fupi: "Nataka chakula kipya," au "Nirudishie pesa yangu." Malalamiko yasiyo na ombi humpa meneja nafasi ya kukuchagulia fidia, na atakuchagulia inayompunguzia yeye hasara. Niliikataa kuponi, nikapiga picha ya sahani pamoja na risiti, tukaondoka.

Risiti itunze. Kwa kawaida ina jina la tawi, namba ya oda na saa, na bila hivyo barua yako haina miguu. Andika siku hiyohiyo, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Unamwandikia nani? Wengi hukwama hapa. Tawi mara nyingi si mali ya kampuni yenye jina lile. Ni la mfanyabiashara aliyepewa leseni ya kulitumia. Kwa McDonald's, kwa mfano, takriban asilimia 95 ya migahawa yake duniani inaendeshwa hivyo. Ndiyo maana makao makuu hukwambia umwone mwenye tawi, na mwenye tawi hukwambia huo ndio utaratibu wa makao makuu. Dawa yake ni kuwaandikia wote wawili katika barua pepe moja, kila mmoja akiona kwamba mwenzake ameipata.

Mimi nilifanya hivyo. Makao makuu walinijibu kwa maneno yale ya kila mteja, kwamba wanathamini maoni yangu. Mwenye tawi alipiga simu, akaomba radhi kwa upole, na pesa ikarudi kwenye kadi baada ya siku kadhaa.

Nilimshukuru, kisha nikamuuliza: ni nini kimebadilika jikoni, ili mtoto mwingine mwenye mzio asiletewe sahani iliyokwanguliwa? Akasema atafuatilia. Nimemwandikia tena kumkumbusha, na hajanijibu. Pesa nimeipata, lakini binti yangu simrudishi pale mpaka nipewe jibu la swali hilo.