Kurudia, au kurudia tena?

SWALI: Mimi na wenzangu hucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika ambamo dadu huamua kama jambo analojaribu mhusika limefaulu, kwa Kiswahili. Tumejiwekea kanuni isemayo: "Mchezaji aliyeshindwa jaribio anaruhusiwa kurudia tena kurusha dadu." Kila wiki tunaigombania, maana mmoja wetu hudai mrusho wa tatu. Je, imeandikwa sawasawa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Haikuandikwa sawasawa, na ugomvi wenu umezaliwa na neno moja, nalo ni "tena". Dadu haina kosa. Ilitufikia kutoka Kireno, dado, na imeshazoeleka. Kinachoniudhi miaka yote ni hiki "kurudia tena", ambacho mwalimu hukisema darasani na mtangazaji hukisema redioni, na ambacho sasa kimefika kwenye meza ya mchezo, mahali ambapo madhara yake yanahesabika.

Kurudia maana yake ni kufanya tena. Mchezaji akirusha dadu mara ya kwanza, amerusha. Akirusha mara ya pili, amerudia. Akirudia tena, huo ni mrusho wa tatu. Chukueni mhusika anayeparamia ukuta, ambaye anahitaji kupata 11 au zaidi kwa dadu ya pande 20. Kwa mrusho mmoja, uwezekano wa kufaulu ni asilimia 50. Akirudia, unafika asilimia 75. Akirudia tena, asilimia 87.5. Kwa hiyo mwenzenu anayedai mrusho wa tatu si mjanja hata kidogo: yeye anasoma kanuni ilivyoandikwa, ilhali ninyi mnaomzuia mnasoma mlichokusudia kuandika.

Nitaambiwa kwamba "tena" hapo ni ya kusisitiza tu. Mama akimwambia mwanawe "hebu rudia tena", nitavumilia, kwa sababu hakuna aliyedhulumiwa. Lakini kanuni husomwa neno kwa neno na watu wanaotaka kushinda, na neno lililowekwa kwa pambo halikosi mtu wa kulidai kama haki yake.

Jambo la pili ambalo kanuni yenu imelinyamazia ni mrusho upi unaohesabiwa. Kanuni rasmi za toleo la 5, la mwaka 2014, hazikuacha mwanya huo: mhusika wa jamii ya halfling (watu wafupi wa kubuni) akipata 1 katika jaribio anaweza kurudia, na akirudia analazimika kuyakubali matokeo mapya. Kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa ni jambo jingine, wala lisiitwe kurudia.

Andikeni hivi: "Mchezaji aliyeshindwa jaribio anaruhusiwa kurudia kurusha dadu mara moja tu, na matokeo ya mrusho wa pili ndiyo yatakayohesabiwa." Anayependa "kurusha tena" badala ya "kurudia" simzuii, maana hapo "tena" ina kazi. Wala msiiondoe hiyo "tu", kwa sababu "mara moja" peke yake huweza pia kumaanisha "papo hapo", na wiki ijayo mtagombana kwa hilo.