Ulimi na wino: kupima simulizi za familia za Wakomanche

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naandika tasnifu kuhusu Wakomanche, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa Marekani. Vitabu vingi vinasema chifu Peta Nocona aliuawa kwenye mto Pease, Texas, Desemba 1860. Familia yake inasema siku hiyo hakuwepo kabisa. Msimamizi wangu ananiambia maneno ya mdomo hayashindani na maandishi. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Anza kwa kuyahoji hayo maandishi. Sul Ross, nahodha wa askari wa Texas aliyeongoza shambulio lile dhidi ya kambi ya Wakomanche, ndiye aliyedai kwamba Nocona alikufa pale. Maelezo yake yalibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, na sifa ya siku ile ilimbeba kisiasa hadi akawa gavana wa Texas mwaka 1887. Quanah, mwana wa Nocona, alikanusha: baba yake alifariki baadaye, kwa sababu nyingine. Wote wawili wana la kutetea, mmoja ushindi wake, mwingine heshima ya baba. Kwa hiyo mmoja asipewe uzito eti kwa kuwa maneno yake yalichapwa.

Tena, mmoja wa waliokuwa upande wa Ross alikiri uzeeni kwamba hakujivunia siku ile, kwa kuwa waliouawa walikuwa wanawake. Ushahidi unaotoka kwa mtu asiyefaidika nao una uzito wa pekee.

Sasa simulizi yenyewe. Iandikie isnadi, kama wafanyavyo wanaopokea hadithi za Mtume: nani kasikia kwa nani, wapi, akiwa na umri gani. Hapo ndipo wengi huteleza, maana maneno ya ukoo ya Kikomanche yana mitego. *Kaku* ni bibi mzaa mama, lakini bibi huyo naye humwita mjukuu wake *kaku*. Ndugu wa kiume wa baba naye ni baba. Sisi wenye baba wakubwa na baba wadogo hilo halitushangazi, ila mkalimani asiyelijua anaweza kukupoteza kizazi kizima. Kuna na mwiko wa kutaja majina ya marehemu. Mzee anaweza kukusimulia vita vyote bila kumtaja aliyeanguka. Usiandike kwamba amesahau. Muulize mzee huyo: marehemu alikuwa nani kwa nani?

Halafu linganisha. Mwaka 1933 wanaanthropolojia waliwahoji wazee wa Kikomanche huko Oklahoma, na baadhi ya wazee hao walikuwa wameishi maisha ya kabla ya Quanah na watu wake kujisalimisha Fort Sill, ngome ya jeshi la Marekani, mwaka 1875. Zipo pia orodha za ugawaji wa ardhi wa mwanzoni mwa karne ya 20, zenye majina na kaya. Zitakusaidia kupanga vizazi, hata kama karani aliandika majina alivyoyasikia yeye.

Pale pande mbili zisipokubaliana, ziandike zote mbili katika matini yenyewe. Ya familia usiitupe kwenye tanbihi. Na kabla ya kuichapisha, rudi kwa waliokupa uwasomee ulichoandika, kwa sababu simulizi nyingine ni mali ya ukoo na hazitolewi nje bila ruhusa.